Ulinzi umezimwa na nani? Kauli za kitenzi katika mgongano wa arifa za usalama wa kompyuta

0. Utangulizi

Makala haya yanahusu sentensi fupi ambazo wengi wetu tunazisoma kila siku bila kuzichunguza: arifa za usalama zinazojitokeza pembeni mwa kioo cha kompyuta. Kingavirusi inasema kila kitu kiko salama. Dakika ileile Windows inasema ulinzi umezimwa. Mwenye mashine anaangalia huku, anaangalia kule, kisha anafunga arifa zote mbili na kuendelea kuandika TFC yake.

Wenzetu wa informatiki hueleza jambo hili kama mgongano wa programu mbili. Maelezo hayo ni sahihi, lakini ni nusu tu. Nusu ya pili inatuhusu sisi wa lugha. Hapa kuna wasemaji wawili wanaozungumza juu ya kitu kimoja, kila mmoja akidai kuaminiwa, na mara nyingi hakuna anayemtaja mtenda wa tendo analolitangaza. Hoja ya makala ni hii: arifa ya usalama isiyoonyesha nani ametenda haimlindi msomaji, na Kiswahili kina vifaa vya kuonyesha hilo ndani ya kitenzi chenyewe.

Istilahi chache kwanza. Kingavirusi ni ile programu ambayo mtaani tunaiita antivirusi. Kompyuta ndiyo ordinatere ya mazungumzo yetu ya kila siku. Mfumo endeshi ni programu kuu inayoendesha mashine. Mfano wetu utakuwa Windows, kwa kuwa ndiyo mgongano huu una historia ndefu na inayojulikana.

1. Wasemaji wawili walitoka wapi?

Mwanzoni mfumo endeshi haukuwa na mengi ya kusema juu ya virusi. Aliyetaka ulinzi alinunua programu ya kampuni nyingine, kama Norton, McAfee au Kaspersky. Mambo yalibadilika mwezi wa nane mwaka 2004, Microsoft ilipotoa Service Pack 2 ya Windows XP. Ndani yake kulikuwa na Kituo cha Usalama, dirisha lililofuatilia vitu vitatu: ukuta wa moto, masasisho, na kingavirusi. Kituo hicho hakikukamata kirusi hata kimoja. Kazi yake ilikuwa kuangalia na kutoa habari, yaani kusema.

Hatua ya pili ilikuja mwaka 2012 na Windows 8, ambamo Windows Defender iligeuka kuwa kingavirusi kamili inayokuja pamoja na mfumo. Tangu hapo mashine moja inaweza kuwa na walinzi wawili: wa nyumbani na wa kukodiwa. Na kila mlinzi ana mdomo wake.

2. Kwa nini walinzi wawili hawakai lango moja

Kingavirusi haisubiri uiamuru. Kila unapofungua faili, inaingia kati ya ombi lako na diski, inalikagua faili hilo, ndipo inaruhusu au inakataza. Programu mbili zikifanya kazi hiyo kwa wakati mmoja, kila faili linakaguliwa mara mbili. Mashine inakuwa nzito. Mbaya zaidi, ya kwanza inaweza kulifungia faili ili ilichunguze wakati ya pili nayo inalitaka, au moja ikaiona tabia ya mwenzake, ya kuingilia kila faili, kuwa tabia ya kirusi.

Kosa la namna hiyo linaweza kuuangukia hata mfumo endeshi. Tarehe 21 Aprili 2010, sasisho moja la McAfee lilidhani kwamba svchost.exe, faili la lazima la Windows XP Service Pack 3, ni kirusi. Likalitenga. Kompyuta nyingi za kampuni na taasisi zikaanza kujizima na kujiwasha tena bila mwisho. Mlinzi alikuwa amemfunga mwenye nyumba.

Ili kuepuka ugomvi, Windows ya leo ina utaratibu wa kupishana. Kingavirusi nyingine inapowekwa, inajiandikisha katika Kituo cha Usalama. Windows ikiitambua, Defender inaacha ulinzi wa wakati wote. Hali ya kingavirusi iliyojiandikisha hutajwa kwa msamiati mdogo sana, ambao kwa Kiswahili tunaweza kuuweka hivi: imewashwa, imezimwa, imesinzia, muda wake umekwisha. Maneno manne tu. Juu ya msingi huo mwembamba ndipo zinajengwa sentensi zote tunazozisoma kwenye kioo.

Matatizo huanza pale neno lililoandikwa lisipolingana na hali halisi. Kesi mbili ni za kawaida. Ya kwanza: kingavirusi imeondolewa vibaya, imeacha mabaki, na Windows bado inaamini mlinzi yupo, Defender nayo inabaki kando. Kwa sababu hiyo kampuni za kingavirusi hutoa programu maalumu za kusafisha mabaki yao. Ya pili: kompyuta imenunuliwa ikiwa na kingavirusi ya majaribio, muda wake umekwisha, lakini alama yake bado iko pale chini kana kwamba analinda. Katika kesi zote mbili mtumiaji anadhani ana walinzi wawili, kumbe huenda hana hata mmoja. Halafu anachomeka kle iliyotoka kuchapisha kwenye sekretaria ya mtaani, na folda zake zinageuka njia za mkato zisizofungua kitu.

3. Nani ana haki ya kusema?

Kampuni zenyewe zimegombana juu ya haki ya kusema, na ugomvi wao ni somo zuri la pragmatiki.

Mwaka 2006, Windows Vista ilipokuwa inakaribia kutoka, Symantec na McAfee zililalamika kwamba Kituo cha Usalama cha Microsoft kingeendelea kutoa arifa zake hata kama mteja ana dirisha la usalama la kampuni nyingine. Mteja angepokea maonyo mawili juu ya jambo moja. Mwezi wa kumi mwaka huo, baada ya mazungumzo na Tume ya Ulaya, Microsoft ilikubali kuweka njia ya kukinyamazisha Kituo chake pale programu nyingine inapotoa onyo lilelile.

Miaka kumi baadaye ikawa zamu ya Kaspersky. Kampuni hiyo ya Urusi ilipeleka malalamiko kwa mamlaka ya ushindani ya Urusi mwaka 2016, kisha Ulaya mwaka 2017, ikidai kwamba Windows 10 inaisukuma kando kwa faida ya Defender. Microsoft ilijibu mwezi wa sita 2017 kwamba karibu asilimia 95 ya kompyuta za Windows 10 zilikuwa na kingavirusi iliyokwisha kupatana na sasisho la wakati huo. Kwa zisizopatana, ilikubali kwamba baadhi ya sehemu zilizimwa kwa muda wakati wa kusasisha. Mwezi wa nane yakaja makubaliano. Kampuni za kingavirusi zingeruhusiwa kutumia arifa zao wenyewe kumkumbusha mteja kabla na baada ya muda kwisha. Na arifa ya Windows juu ya muda uliokwisha isingepita kama upepo: ingebaki kwenye kioo mpaka mtumiaji achague ama kuendelea na kingavirusi yake, ama kutumia Defender au nyingine. Kaspersky ikaondoa malalamiko yake.

Tuangalie kilichokuwa kinagombaniwa. Swali halikuwa tu nani anakamata virusi vizuri zaidi. Lilikuwa pia nani anasema, anasema lini, na maneno yake yanakaa kwa muda gani mbele ya macho ya msikilizaji. J. L. Austin, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1962, alifundisha kwamba kusema ni kutenda, na kwamba tendo la kusema hufaulu tu likitimiza masharti yake, mojawapo likiwa kwamba msemaji ana mamlaka ya kulitenda. Onyo ni tendo-uneni. Wasemaji wawili wakidai mamlaka yaleyale juu ya jambo lilelile, msikilizaji hapati onyo maradufu. Anapata mashaka, na mara nyingi hupuuza yote mawili.

4. Uchambuzi: onyo linalomficha mtenda

4.1. Kuonya ni kufanya mtu aone

Tuanze na neno. Kifaransa kimekopa alerte na alarme kutoka Kiitaliano: la kwanza linatokana na wito wa kukaa macho mahali pa juu, la pili na wito wa kushika silaha. Avertir linarudi kwenye Kilatini, likiwa na maana ya kugeuza kuelekea kitu. Kiswahili kina onya, kitenzi cha usababishi kilichotoka katika ona. Anayeonya anamfanya mwenzake aone. Kwa kipimo hiki, arifa inayomwamuru mtu kubofya bila kumwonyesha kilichotokea ni amri, au kelele. Bado si onyo.

4.2. Kifaransa cha mashine zetu

Kompyuta nyingi kwetu huzungumza Kifaransa. Chukua sentensi kama La protection est désactivée. Muundo wa être pamoja na kitendi cha wakati uliopita una tafsiri mbili: kauli ya kutendwa (mtu ameuzima ulinzi) au hali iliyopo (ulinzi uko katika hali ya kuzimwa). Msomaji hajui kama anapewa habari ya tukio au maelezo ya hali. Ukiwa na mlinzi mmoja, utata huo hauna madhara makubwa. Ukiwa na wawili, ndio mzizi wa tatizo: hali hiyohiyo inaweza kuwa ya kawaida kabisa, kwa sababu Defender imempisha mwenzake, au inaweza kuwa kazi ya kirusi kilichoanza kwa kumwondoa mlinzi.

4.3. Kitenzi cha Kiswahili

Linganisha:

(1) Ulinzi umezimwa.
(2) Ulinzi umezimika.
(3) Ulinzi umejizima.
(4) Ulinzi wa Windows umeipisha kingavirusi nyingine.

Katika (1), kauli ya kutendwa inatuambia kwamba mtenda yupo, ila hajatajwa. Msomaji ana haki ya kuuliza: na nani? Katika (2), kauli ya kutendeka inaeleza hali bila kumtafuta mtenda, kama taa iliyozimika mafuta yakiisha. Katika (3), kijirejei -ji- kinamfanya mlinzi mwenyewe kuwa mtenda. Katika (4) tumebadili kitenzi, na picha nzima imebadilika: pisha ni neno la njiani na mlangoni, la adabu kati ya wawili wanaokutana mahali pembamba. Aliyepisha hajashindwa wala hajashambuliwa. Akiitwa, anarudi.

Kila sentensi ina hali yake ya kweli ndani ya mashine. Mtumiaji akizima mwenyewe, arifa iseme: Umeuzima ulinzi. Muda wa kingavirusi ukiisha na programu ikaacha kufanya kazi: umezimika. Defender ikimwachia nafasi mwenzake: umeipisha. Programu isiyojulikana ikiuzima: umezimwa na programu isiyojulikana. Hapo tu ndipo inafaa rangi nyekundu.

4.4. Mitego miwili ya Kiswahili

Tusijisifu kupita kiasi, maana Kiswahili nacho kina mitego. Wa kwanza ni wa ngeli. Programu, kingavirusi na kompyuta zote huchukua upatanisho i- katika umoja. Arifa ikisema, «Windows imegundua kingavirusi. Imezimwa», kiambishi i- kinaweza kurudi kwa yoyote kati ya hizo mbili. Katika mgongano wa walinzi, huo ndio utata tusioutaka. Dawa yake ni kurudia nomino, hata kama sentensi itarefuka.

Mtego wa pili ni na. Soma polepole:

(5) Ulinzi wa Windows umezimwa na kingavirusi imewashwa.

Jicho likifika kwenye kingavirusi, msomaji ameshaelewa kwamba kingavirusi ndiyo iliyozima ulinzi. Neno imewashwa linamrudisha nyuma: kumbe na hii inaunganisha sentensi mbili, haimtaji mtenda. Kwenye kitabu tungesoma upya bila hasara. Kwenye arifa inayokaa sekunde chache, msomaji anaondoka na maana ya kwanza. Nukta inatosha kuondoa mtego: Ulinzi wa Windows umezimwa. Kingavirusi imewashwa.

5. Msemaji wa tatu

Haya yote yangekuwa mchezo wa sarufi kama asingekuwepo msemaji wa tatu. Ni mwizi anayeigiza sauti ya mlinzi. Anatoa dirisha lenye ngao na alama nyekundu, linalodai kwamba kompyuta yako imejaa virusi na kwamba lazima ulipe sasa hivi. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2008, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilipata amri ya mahakama dhidi ya watu waliouza programu za uongo kama WinFixer na XP Antivirus. Tume ilisema zaidi ya watumiaji milioni moja walidanganywa kuzinunua.

Kwa nini uongo huo ulifaulu? Uigaji wa picha ni sababu moja. Sababu nyingine ni kwamba arifa za kweli zilikuwa zimewazoesha watu sentensi zisizo na mtenda, zenye haraka na vitisho. Kituo cha Usalama cha XP kilisema kwamba kompyuta huenda iko hatarini: hatari haikutajwa, wala aliyeileta. Msikilizaji aliyezoea kupokea onyo bila kuonyeshwa kitu hana kipimo cha kumtambua mwongo. Kwa hiyo ugomvi wa walinzi wawili si wa kampuni peke yao. Kila wanapopingana mbele ya mwenye nyumba, wanamfungulia mlango mtu wa tatu.

6. Namna ya kusoma arifa

Yafuatayo ni maswali manne ninayoyapendekeza kwa mwanafunzi yeyote kabla hajabofya.

Kwanza, nani anasema? Usijibu kwa kuangalia rangi. Funga arifa bila kubofya kitufe chake, kisha fungua mwenyewe ukurasa wa usalama wa Windows kupitia menyu ya kuanzia. Habari ya kweli utaikuta huko pia. Dirisha lililotokea ndani ya kivinjari cha intaneti haliwezi kuwa limeikagua diski yako.

Pili, anamsema nani? Katika ukurasa huohuo, sehemu ya virusi na vitisho hutaja jina la kingavirusi inayotambuliwa. Jina likiwa la programu uliyokwisha kuiondoa, una mabaki. Tafuta kisafishi kwenye tovuti rasmi ya kampuni yake.

Tatu, nani ametenda? Defender ikiwa imezimwa na kingavirusi nyingine ikiwa hai na imesasishwa, hali ni ya kawaida. Usilazimishe zote mbili kulinda kwa pamoja. Ikiwa zote zimezimwa na wewe hukufanya kitu, chukulia kwamba kuna mvamizi, na usichomeke kle yenye kazi yako.

Nne, anataka nini kwangu? Arifa ya kweli inaweza kukuomba kusasisha, kukagua au kuchagua mlinzi. Ikiomba namba ya kadi ya benki, pesa za simu au kupiga simu mahali, hiyo ni biashara au wizi. Na kama ni biashara halali ya kurefusha muda, unaweza kukataa na kubaki na Defender, ambayo huna haja ya kuilipia.

7. Kazi iliyo mbele yetu

Windows imewahi kupata vifurushi vya Kiswahili, na programu za simu zinazidi kutafsiriwa. Wanaotafsiri arifa mara nyingi hupewa orodha ya vipande vya sentensi bila kuambiwa hali inayovizaa. Mtafsiri anayepewa neno moja tu la Kiingereza au Kifaransa lenye maana ya «kuzimwa» ataandika imezimwa, na atakuwa amechagua kauli bila kujua. Sisi tunaosoma mofolojia ya lugha za Kibantu tunajua kwamba uchaguzi huo una maana. Mtafsiri aombe aelezwe hali halisi, aulize mtenda ni nani, ndipo achague kati ya zimwa, zimika, jizima na pisha. Kisha asome sentensi yake kama mtu mwenye haraka, aliye na sekunde tatu na TFC ya kuwasilisha kesho.

Mazoezi

1. Andika upya arifa hii kwa namna tatu, ukibadilisha kauli ya kitenzi kila mara, kisha eleza kila namna inafaa hali ipi ndani ya kompyuta: «Ukuta wa moto umezimwa.»

2. Katika sentensi «Programu imefuta faili la kingavirusi kwa sababu lilikuwa na virusi», kiambishi li- kinarudi kwa nomino gani? Badilisha faili kuwa folda, urekebishe upatanisho, kisha ueleze utata unaotokea.

3. Kusanya arifa tano za usalama kutoka kompyuta yako au simu yako, katika lugha yoyote. Kwa kila moja, jibu swali la kichwa cha makala haya. Ni ngapi zinazokuruhusu kulijibu bila kubahatisha?